Moto wa Kinshasa na Moto wa Kigali: Mhadhara Kuhusu Maneno Mafupi

Ndugu zangu, nawasalimu. Nimeombwa nizungumzie maneno mafupi na asili zake. Nitaanza na moja ambalo hakuna aliyemo humu asiyelijua: moto.

Mtu wa Tanga akifika Kinshasa na kusikia "moto moko", atadhani pana kitu kinaungua. Kumbe kwa Kilingala huyo ni mtu mmoja, na wakiwa wengi ni "bato". Moto wa kupikia nao wanao, ila irabu zake hutamkwa kinywa kikiwa wazi zaidi, na sauti hupanda mwanzoni. Akisogea hadi Kigali ataambiwa apande moto, yaani pikipiki ya abiria, kwa kuwa Wafaransa walikata neno lao "motocyclette" likabaki kipande. Goma na Bukavu, wanakozungumza Kiswahili, moto unaochoma na moto unaobeba abiria wanaishi mtaa mmoja, na hakuna anayewachanganya. Kwa Mwitaliano, moto ni mwendo. Kwa Mjapani, moto ni chanzo au shina, na ndiyo ile inayosikika mwishoni mwa jina la ukoo Yamamoto, shina la mlima.

Nani hapo ni ndugu wa nani? Moto wa Kigali na wa Mwitaliano wana babu mmoja, kitenzi cha Kilatini "movere", kusogeza. Moto wa Kilingala mwenye miguu ni ndugu wa "mtu" wetu na wa "omuntu" wa Kiganda: Kilingala kiliangusha n ya "ntu", nasi tukaiangusha, tena tukaibana "mu" ikawa "m". Moto wa Japani hana undugu na yeyote kati ya hao.

Wengi hapa hukunja uso. Inakuwaje sauti zilezile, kwa mpangilio uleule, zisiwe na uhusiano? Tufanye hesabu. Chukueni konsonanti 20 na irabu 5. Mnapata silabi 100, na maneno ya silabi mbili yasiyozidi 10,000. Duniani kuna lugha zipatazo 7,000, na kila moja inataka majina ya maji, mawe, shangazi na kikohozi. Kugongana ni lazima. "Si" yetu inakanusha, "sí" ya Kihispania inakubali, na hakuna fumbo lolote la kutafuta hapo.

Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu nimechoka kuona vijana wenye akili nzuri wakipewa orodha za maneno mawili matatu yanayofanana, kisha wakaambiwa kwamba Wabantu walitoka nchi fulani ya mbali, au kwamba Kiswahili ni lugha ya wageni iliyopakwa rangi. Neno fupi ni shahidi dhaifu mno kwa madai mazito kama hayo.

Shahidi wa kweli ni yupi? Tubaki kwenye moto. Tunasema kuota moto, na tunasema kuota ndoto. Leo ni kitenzi kimoja masikioni, lakini asili ni mbili. Kuota moto ni kujipasha joto, na ni kitenzi cha ukoo mmoja na neno moto lenyewe. Kuota usingizini, majirani zetu bado wanakutamka kwa konsonanti mbele: Warundi "kurota", Walingala "kolota". Sisi tuliipoteza l hiyo. Lakini haikupotea yote! Iko ndani ya "ndoto", imekingwa na n, ikageuka d.

Hapo ndipo utamu wa jambo hili ulipo, naomba tukae kidogo. Kiswahili kina desturi ya kuangusha l katikati ya irabu. Sisi tunasema njaa, Kilingala "nzala", Kinyarwanda "inzara", Kizulu "indlala". Sisi mvua, wao "mbula", "imvura", "imvula". Sisi makaa, Kilingala "makala", Kinyarwanda "amakara". Mnaiona? Kila mahali petu penye pengo, wenzetu wana l au r. Jambo likijirudia hivi, neno baada ya neno, kwa mpango uleule, bahati haliwezi kuwa. Kanuni ndiyo inayothibitisha undugu, hata pale maneno yenyewe yasipofanana kwa sura.

Na ushahidi mnao vinywani mwenu. Kuzaa, lakini kuzaliwa. Kukaa, lakini kukalia kiti. Kufua, lakini kufulia. Hiyo l haikuletwa na mtu, ilikuwapo tangu zamani, na mara nyingi inarudi tunapokirefusha kitenzi. Kumbe kaa la moto, kaa wa pwani ambaye Wazulu humwita "inkala", na kitenzi kukaa vimefikia umbo moja kwa kusagika. Ufupi wa neno mara nyingi ni uzee wake. Kifaransa ni bingwa wa usagaji huu: "aqua" ya Kilatini, maji, imebaki "eau", nayo hutamkwa o tu.

Kisa ninachokipenda kuliko vyote kinatoka Queensland, kaskazini-mashariki mwa Australia. Katika miaka ya 1960 mtaalamu wa lugha Robert Dixon alikuwa akiandika maneno ya Kimbabaram, lugha iliyokuwa imebakiwa na wasemaji wachache sana. Akauliza neno la mbwa. Akajibiwa: "dog". Kiingereza kitupu, mtu angedhani, neno la kuazima. Lakini lugha jirani ya Kiyidiny humwita mbwa "gudaga". Kimbabaram kiliangusha mwanzo wa neno, kikaangusha irabu ya mwisho, a iliyobaki ikageuka o. Na si kwa neno hilo moja, kwani mengine ya lugha hiyo yalipitia njia hiyohiyo. Sauti moja, maana moja, mnyama mmoja, na undugu hakuna.

Mama na baba niyapitie upesi, maana najua mtauliza. Yamezagaa duniani kwa sababu mtoto mchanga huanza na midomo: ma, ba, pa, na mzazi aliye karibu hujichukulia sauti hiyo kuwa jina lake. Mtaalamu wa lugha Roman Jakobson alilieleza hilo vizuri katika makala ya 1960. Ndiyo maana Wajojia wa Kaukazi humwita baba "mama", na mama humwita "deda", na kwa Warusi "baba" ni mwanamke.

Nina ombi kabla ya maswali. Humu mmo wasemaji wa lugha nyingi za nyumbani, na wengine mmekaa karibu na mtu wa kabila msilolijua. Muulizaneni maneno matatu tu: njaa, mvua, makaa. Andikeni mnavyoyasikia, kisha tuyasome hapa kwa sauti, tuone ile l imekwenda wapi katika kila lugha.