Deni la Mia Tatu na Maji Yanayochafuka

NEEMA: Mwangaluka, msikilizaji! Tupo Kirumba, Mwanza, jirani na mwalo, kwa hiyo ukisikia injini za mitumbwi usidhani simu yako imeharibika. Kaka Kulwa, mada ni mikondo ya maji, mbona umeniletea daftari la duka?

KULWA: Ndiyo mada yenyewe, dada. Nadaiwa 20,000. Mwenye duka anaandika kwa maelfu tu: ikifika nusu anapandisha, isipofika anashusha. Leo nimekopa sukari ya 300. Ataandika ngapi?

NEEMA: 20,000.

KULWA: Na kesho nikikopa tena 300?

NEEMA: 20,000 ileile. Duka hilo liko mtaa gani?

KULWA: (anacheka) Limo ndani ya kompyuta inayohesabu mikondo. Biti ni vinafasi vya 0 au 1 vya kuandikia namba; zikiwa chache, hesabu inakwenda haraka ila tarakimu zinapungua. Namba ya biti 64 inabeba tarakimu 15 au 16, ya biti 32 kama 7, ya biti 16 ni 3 na ushee. Sasa chukua maji ya ziwa letu, nyuzi 25. Wanafizikia wanahesabu kwa kelvini, yaani nyuzi zetu jumlisha 273, tuseme 298. Kwa biti 16, baada ya 298 inafuata 298.25. Katikati hamna kitu. Jua likiongeza 0.1, jibu linarudi 298. Rudia mara 1,000.

NEEMA: Si nyuzi 100 hizo! Sangara wote wameiva.

KULWA: Na kompyuta inasoma 298.

NEEMA: Mimi nilidhani shida ni ile ya Lorenz, yule mtaalamu wa hali ya hewa. Mwaka 1961 aliiingizia kompyuta 0.506 badala ya 0.506127, hali ya hewa yake ikaenda njia nyingine kabisa.

KULWA: Ile kila mtu anaitaja, ila kwenye maji ya msukosuko hainitishi sana. Tazama nyuma ya mtumbwi ule unaotoka. Hayo maji yanayojizungusha, nani atakwambia kila duara litakuwa wapi baada ya dakika tano? Hata kwa biti 64 hakuna. Tunachotafuta ni wastani: kasi ya mkondo, nguvu imegawanyikaje kati ya mizunguko mikubwa na midogo. Kosa dogo linauhamisha mzunguko mmoja, wastani unabaki palepale. ECMWF, kituo cha utabiri wa hali ya hewa cha Ulaya, mwaka 2021 walishuka kutoka biti 64 hadi 32. Muda waliookoa wakaongezea matabaka ya anga, kutoka 91 hadi 137, kwenye utabiri wanaourudia mara nyingi kwa pamoja.

NEEMA: Basi turudi dukani. Zile 300 zinaokolewaje?

KULWA: Usihifadhi 298, hifadhi kilichozidi juu yake. Au vipande hesabu kwa biti 16, jumla iweke kwenye 32. Ila mimi napenda bahati nasibu. Kofia ina karatasi 10, 3 zina alama. Kila nikikopa 300 mwenye duka anachota moja, anairudisha. Yenye alama, anapandisha elfu. Isiyo nayo, anaacha.

NEEMA: Siku 30... alama kama 9. Elfu tisa! Ndiyo deni lililoongezeka, 300 mara 30. Kalipe basi, kaka.

KULWA: Ngoja kwanza nichote karatasi.