Idara nyingi, sura moja

Mheshimiwa mwenyekiti, wakuu wa idara, na ninyi mama zangu mliopanda kutoka mwalo wa Kibirizi, asanteni kwa kunipokea.

Nimepitia karatasi za ofisi zenu zote. Idara ya dagaa inatumia alama ya samaki, ya mawese mchikichi, ya kuweka na kukopa mikono inayoshikana, na kila moja inaliandika jina la ushirika kwa herufi zake. Mwanachama akiweka risiti ya mkopo kando ya risiti ya mawese, hana kitu cha kumwambia kwamba zimetoka nyumba moja. Kwa chama kinachotunza akiba za watu, hilo si jambo dogo hata kidogo.

Ninaijua hofu iliyomo humu: kwamba tukisema sura moja, idara kubwa itameza ndogo. Ni hofu ya haki, na ndiyo maana nawaletea habari za London. Treni za chini ya ardhi kule zilianzishwa na kampuni mbalimbali. Duara lenye ufito katikati lilianza kuonekana vituoni mwaka 1908. Baadaye Frank Pick, aliyesimamia matangazo ya treni hizo, akamwagiza Edward Johnston, bingwa wa kuandika herufi kwa mkono, achore herufi za kutumika kila mahali, zikatoka 1916. Mwaka 1933 mabasi, tramu na treni hizo vikawekwa chini ya chombo kimoja. Hadi leo umbo ni lile lile. Kinachobadilika ni rangi, na neno lililoandikwa kwenye ufito. Hakuna aliyelilazimisha basi liwe treni.

Nasi tufanye hivyo. Alama, herufi, na mahali alama inapokaa visiguswe na mtu. Rangi kila idara ibaki na yake, ila jina la idara lisikosekane, kwa sababu fotokopi inageuza buluu na nyekundu kuwa kijivu.

Mtihani wenyewe ni muhuri. Yule samaki wenu ana magamba mazuri, lakini kwenye muhuri wa mpira, wino ukizidi kidogo tu, magamba yanazibana na samaki anakuwa doa. Ubavuni mwa boti ni hivyo hivyo: fundi anapaka kwa brashi, na mstari mwembamba unapotelea kwenye maungio ya mbao. Kwa hiyo nembo ichorwe kwanza kwa wino mweusi mtupu, mistari minene, ndipo tuzungumzie rangi. Ikisomeka kwenye muhuri na kwenye mbao, kwenye simu haitatushinda.

Tuanze na mihuri, risiti na vitabu vya akiba, maana ndivyo vinavyofika mikononi mwa watu. Fulana zilizopo zivaliwe mpaka zichakae. Boti zipakwe upya zikipandishwa ufukweni kutengenezwa. Faili la nembo alitunze katibu, na asiruhusu mtu kulivuta wala kulibana ili litoshee kwenye bango.

Sasa naomba wenzetu wa mawese waanze na maswali, maana wao ndio walioandika barua ya kupinga.