Gari Ndilo Linalotolewa, Si Mtu

MWANAIDI: Karibuni tena jamani. Kaka Kessy leo kaja na grisi mpaka kwenye viwiko.

KESSY: Hozi ya katapila imepasuka, dada. Fundi haidroliki ukimwona msafi ujue siku hiyo hajapata kazi.

MWANAIDI: Basi swali lako hili hapa. Msikilizaji anauliza zile mashine za zimamoto, zile kama mdomo wa mamba zinazochana mlango wa gari, nguvu zinaitoa wapi?

KESSY: Jeki.

MWANAIDI: Jeki gani tena?

KESSY: Jeki ya mafuta, ile ya chupa ambayo kila dereva wa lori anayo. Mafuta hayabonyei. Ukiyasukuma kwa pistoni nyembamba, mgandamizo uleule unafika kwenye pistoni pana. Ikiwa pana mara mia, nguvu nayo ni mara mia. Ila hakuna cha bure: unapampu weee, yenyewe inapanda kidogo tu.

MWANAIDI: Sasa kuna mtu anavuja damu mle ndani, mashine inakwenda polepole?

KESSY: Ndiyo uzuri wake. Haina papara, haitoi cheche kama grainda, na petroli imemwagika chini. Halafu ina mgandamizo usiochezewa. Tairi la gari dogo unamwambia kijana akuwekee upepo thelathini, sivyo? Kwa kipimo hichohicho, hii inakwenda kama 10,000.

MWANAIDI: Mama yangu! Na hozi ikitoboka?

KESSY: Usipitishe mkono kutafuta tundu. Mafuta yanaingia kwenye ngozi kama sindano, na kuna watu wanakatwa vidole kwa hilo.

MWANAIDI: Nani alikaa akawaza kitu hiki?

KESSY: Mmarekani, George Hurst, mtu wa vifaa vya magari, jina lake linajulikana sana kwa mikono ya gia. Mwaka 1961 alikuwa kwenye mashindano ya magari, akashuhudia dereva aliyebanwa akichukua zaidi ya saa nzima kutolewa. Akarudi kichwa kinamuuma. Baadaye mashine ikapewa jina la "taya za uhai", kwa sababu watu walisema inampokonya mtu kwenye taya za mauti.

MWANAIDI: Kwa hiyo zimamoto wakifika, wanakata tu?

KESSY: Hapo ndipo wengi tunapokosea. Kukata kunakuja baadaye. Kwanza wanaweka kabari chini ya gari lisitikisike, maana mtu akiwa na mfupa wa shingo uliovunjika, mtikisiko mdogo tu unaweza kummaliza. Wanachomoa betri. Mmoja anaingia ndani, anamshika kichwa, hamwachi. Vioo vinavunjwa mgonjwa akiwa kafunikwa blanketi. Halafu wanabandua plastiki za nguzo za gari wachungulie.

MWANAIDI: Wachungulie nini?

KESSY: Magari mengi ya sasa yana eabegi za pembeni, ile mifuko inayojaa hewa gari likigonga, na mtungi wake wa gesi umefichwa humo kwenye nguzo au darini. Ukiuuma na mkasi, unapasuka. Wakishajua ulipo, mkasi unakata nguzo na paa linaondoka. Spreda, ile yenye mdomo wa mamba, inatanua mlango. Kama dashibodi imelalia miguu, kuna chuma kinachorefuka kama jeki, kinaisukuma mbele mpaka miguu iachiwe.

MWANAIDI: Mimi niliwahi kukuta ajali barabara ya Morogoro. Watu wamefunga kamba kwenye mlango wa lori, gari jingine linavuta, na dereva yumo ndani anapiga kelele.

KESSY: Nia njema kabisa, lakini wanamvuta mtu atoke kwenye gari. Zimamoto wanaliondoa gari kwenye mtu. Ni kazi mbili tofauti.

MWANAIDI: Na haya magari ya haibridi, ya petroli na umeme, yaliyojaa mjini?

KESSY: Yana nyaya za rangi ya chungwa, zile ni za umeme mkubwa, usiziguse kabisa. Na chuma cha nguzo siku hizi ni kigumu hasa, wanakichanganya na boroni. Mkasi wa zamani unaweza kuvunjika meno pale. Ndiyo maana mashine ya miaka ishirini iliyopita, hata ikitunzwa vizuri, huenda isikate gari la juzi.

MWANAIDI: Mimi mpita njia, sina mashine wala kabari. Nifanye nini?

KESSY: Kwa hapa Tanzania piga 114. Zima injini, fukuza wavuta sigara. Kama hakuna moto, usimvute mtu. Ingia kama ni salama, mshike kichwa kwa mikono miwili kisiyumbe, na uongee naye.

MWANAIDI: Naongea naye nini, mtu kabanwa na usukani?

KESSY: Chochote. Jina lake, kwao wapi, Simba au Yanga.

MWANAIDI: Akijibu Yanga?

KESSY: Unaendelea kumshika kichwa, dada.