MMA ikikukuta mtaani: cha kubeba, cha kuacha jimu

Oya wadau, karibuni tena. Leo nimevaa jinzi na viatu vya kawaida makusudi kabisa, maana sijawahi kusikia mtu amevamiwa akiwa na bukta na kinga ya meno mdomoni. Wengi mnauliza hii MMA, yaani mapigano ya kuchanganya ngumi, mateke, mieleka na kabali, mtaani inasaidia kweli au ni maonyesho tu. Inasaidia, tena sana, ila siyo vile vipande mnavyotumiana vya jamaa anazunguka hewani anampiga mtu teke la kichwa. Mtaani kazi yako ni kubaki umesimama, na ukiangushwa uinuke haraka uondoke. Kwa hiyo leo muda mwingi tutakuwa chini hapa.

Tuanze kabla ya ngumi. Mwenzangu atanijia kwa shari, angalia mikono yangu, siikunji ngumi, naiinua usawa wa kifua viganja vikiwa wazi vinamwangalia yeye, na mguu mmoja narudisha nyuma kidogo, huku mdomoni nasema "basi kaka, yaishe". Anayetazama kwa mbali anaona mtu anaomba amani, lakini mikono tayari iko kati yake na uso wangu. Akisogea nasogea, namwacha mbali kiasi kwamba ili anipige lazima apige hatua, na ile hatua ndiyo inanishtua mapema. Akitaka simu mpe simu. Akitoa kisu usikumbuke kitu chochote ulichojifunza hapa, kimbia, na kama huna pa kukimbilia weka meza, kiti, begi, chochote kati yenu. Najua kuna video za kunyang'anya visu, mi sizifundishi.

Haya, imeshindikana anakuja. Kupiga: tumia kiganja, sehemu hii ya chini iliyo ngumu karibu na kifundo. Ngumi tupu kwenye fuvu la mtu ni njia rahisi ya kuvunja mkono wako mwenyewe, hasa mfupa ule wa upande wa kidole kidogo, na ndo maana mabondia wanafunga bendeji na kuvaa glavu, hata zile ndogo za MMA za aunsi 4 zinalinda mkono wa mpigaji kuliko kichwa cha anayepigwa. Mateke mazuri ni ya chini, kwenye paja au mundi. La kichwa liache jimu, jinzi inabana na sakafu ikiwa na maji utajipiga mtama mwenyewe.

Sasa mara nyingi ugomvi hauishii kwenye kurushiana, watu wanashikana mashati. Hapo mieleka inalipa. Akinishika, kichwa changu nakibana chini ya kidevu chake, paji la uso linamsukuma, mkono mmoja napitisha chini ya kwapa lake hadi mgongoni, na nyonga zangu nasogeza karibu na zake. Ukiacha nafasi kiunoni utabebwa. Mkono ukishapita kwapani usibaki mbele yake, zunguka upande uleule wa kwapa, msukume, ondoka. Ukipata nafasi ya kumpiga kwa goti piga, usipoipata usiitafute.

Kabali ya nyuma, hii isikilize vizuri kwa sababu muda ni mdogo mno, damu ikizuiwa shingoni pande zote mbili mtu anaweza kuzimia ndani ya sekunde 10 au chini ya hapo. Usihangaike kurusha viwiko kwanza. Mikono yako yote miwili ishike mkono unaokukaba, uvute chini kuelekea kifuani kwako, kidevu kiingie ndani, halafu geuza uso kuelekea kwenye kiwiko chake, pale kwenye kona ndo kuna nafasi. Ukishapata pumzi geuka mwili mzima umkabili. Mkifanya mazoezi mwenzako akigonga, yaani akikupigapiga kwa kiganja kuonyesha amekubali, achia saa hiyohiyo, siyo baada ya utani.

Sasa chini. Mwaka 1993 kule Denver, kwenye UFC ya kwanza kabisa, yale mashindano makubwa ya MMA, Mbrazili Royce Gracie, mtu wa jiujitsu, alishinda mapambano matatu usiku mmoja kwa kuwapeleka watu chini na kuwamaliza hukohuko, na tangu siku hiyo dunia nzima ikajua umuhimu wa kupigana chini. Sawa, lakini pale alikuwa na mtu mmoja mbele yake, sakafu laini, na hakuna rafiki wa mpinzani anayekuja na teke la mbavu. Mi napenda sana hiyo jiujitsu, mchezo wa kukabana na kupigana chini, nimeifanya miaka, ila kulala kwenye lami umemfungia mtu miguu kiunoni unasubiri akosee, hapana.

Ukianguka kidevu kifuani, usiweke mkono umenyooka nyuma, utavunjika. Fikia mgongo wa juu, kichwa kisiguse. Akiwa amesimama, miguu yako imwangalie yeye, akizunguka nawe zunguka, na akikaribia mpige goti au mundi kwa unyayo.

Kuinuka sasa, kamera sogea. Nalalia upande wa kushoto. Kiganja cha kushoto nakiweka chini nyuma ya kalio. Mguu wa kulia naukunja, unyayo unakanyaga karibu na kalio. Mkono wa kulia uko mbele ya uso. Mguu wa kushoto uko huru, huo ndo wa kumpigia. Nampiga, anarudi nyuma, hapohapo nanyanyua kiuno, uzito wote uko kwenye kiganja cha kushoto na unyayo wa kulia, halafu mguu wa kushoto naupitisha chini ya kiuno hadi nyuma kabisa, nyuma ya kile kiganja. Nimesimama, na macho hayajamwacha. Kosa la kila anayeanza ni kupiga magoti kwanza na kuangalia chini, yaani unampa kichwa kama mpira wa penalti.

Kama kakukalia kifuani, usimsukume kwa mikono iliyonyooka. Shika mkono wake mmoja ubane kifuani, mguu wako ubane mguu wake wa upande uleule, nyanyua kiuno juu kwa nguvu na umbinue kuelekea upande huo uliobana. Hana mkono wa kujizuia hana mguu, ataanguka tu. Ukishakuwa juu usikae kumtwanga, kwanza wenzake wanakuja, pili mtu akishashindwa ukaendelea kumpiga, kisheria wewe sasa ndo mvamizi.

Mazoezi ni hivi: mmoja kazi yake kukuzuia chini, mwingine kazi yake kuinuka tu, dakika 3 kisha mnabadilishana. Upande mmoja ukizoea hamia mwingine, utajiona kama mtoto anajifunza kutembea, ni kawaida. Mkishachoka kabisa vaeni viatu na begi mgongoni mrudie tena, maana begi linang'ang'ania chini vibaya mno, subiri niwaonyeshe, mwenzangu nirushie hilo begi hapo.