Kikombe Kimetulia, Maji Yamepitiliza: Kupasha Vimiminika kwenye Maikrowevu

MWANAIDI: Karibuni wasikilizaji wetu wa Dar es Salaam na popote mlipo. Mimi ni Mwanaidi, na niko pamoja na Mwalimu Elia, ambaye amefundisha fizikia sekondari kwa miaka mingi. Leo tunazungumzia namna ya kupasha maji, chai, maziwa na uji kwenye maikrowevu bila mtu kuungua. Mwalimu, naomba nianze na lile ambalo wengi hawaliamini, kwamba maji yanaweza kutulia kabisa kikombeni, bila kiputo hata kimoja, kisha yakamfokea mtu usoni pale anapotia kijiko.

ELIA: Asante, Dada Mwanaidi. Jambo hilo ni la kweli, na Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani imekwisha kuwaonya watumiaji wa huko baada ya kupokea taarifa za watu walioungua mikono na nyuso kwa njia hiyo. Tumezoea kuamini kwamba maji yakifika nyuzi 100 za Selsiasi, hasa katika mji ulio usawa wa bahari kama huu wetu, lazima yachemke. Lakini kufika nyuzi 100 ni jambo moja, na kuchemka ni jambo jingine. Ili maji yachemke, sharti kiputo cha mvuke kizaliwe ndani yake, na kiputo kichanga ni kidogo mno kiasi kwamba mvutano wa maji yanayokizunguka unakibana na kukizima kabla hakijakua. Kinachokiokoa ni mahali pa kuanzia: mkwaruzo, kitundu, chembe ya kitu kigumu, au hewa kidogo iliyonasa kwenye ukuta wa chombo. Pasipo na mahali hapo, maji yanaendelea kupokea joto, yanapita nyuzi 100, na bado yanaonekana yametulia.

MWANAIDI: Mbona basi kwenye sufuria hatuyaoni haya?

ELIA: Kwa sababu sufuria inapata moto kutoka chini, na kitako chake kinakuwa cha moto kuliko maji yenyewe. Chungulia ndani ya sufuria ya alumini iliyotumika muda mrefu, utaona kitako kimejaa mikwaruzo ya mwiko na ya stilwaya, na maji yanapokaribia kuchemka utaona viputo vikipanda kutoka sehemu zilezile, kimoja nyuma ya kingine. Katika maikrowevu mambo ni kinyume. Mawimbi yake, ambayo kwa mashine za nyumbani yana masafa ya takriban megahezi 2,450, hupita kwenye kioo na kauri bila kupoteza nguvu nyingi, yakaingia ndani ya maji kiasi cha sentimita chache na kuyapasha moja kwa moja. Kikombe ndicho kinachopata joto kutoka kwa maji, si maji kutoka kwa kikombe. Kwa hiyo ule ukuta ambako viputo vingeanzia unakuwa na joto dogo kuliko maji, na kama kikombe ni kipya na laini, hakuna cha kuanzisha mchemko.

MWANAIDI: Kisha mtu anatia kijiko cha kahawa.

ELIA: Akishatia kahawa, sukari au kifuko cha majani ya chai, ameyapa maji mahali pengi pa kuanzia kwa wakati mmoja. Wakati mwingine hata kukigonga kikombe kunatosha. Naomba tufanye hesabu, maana hapa ndipo watu wanapodharau. Chukua kikombe kikubwa cha mililita 300, na tuseme maji yamefika nyuzi 105, yaani yamepitiliza kwa nyuzi tano tu. Joto hilo la ziada ni jouli zipatazo 6,300, na linatosha kugeuza gramu 2.8 za maji kuwa mvuke.

MWANAIDI: Gramu 2.8 hazijai hata kijiko cha chai, Mwalimu.

ELIA: Hazijai, lakini maji yakigeuka mvuke huchukua nafasi kubwa mara 1,600 na zaidi. Gramu hizo zinakuwa lita nne na nusu hivi za mvuke, na mvuke huo unatafuta njia ya kutoka ndani ya kikombe cha mililita 300 kwa kufumba na kufumbua. Unatoka na maji yaliyo juu yake, na maji hayo bado yana nyuzi 100. Ndiyo maana kikombe kinaweza kubaki nusu, na nusu nyingine ikawa mkononi, kifuani na usoni mwa aliyekishika.

MWANAIDI: Nadhani kuna tabia moja inayochangia sana. Mtu anapasha maji, simu inaita, anasahau. Akirudi anakuta hayachemki, anabonyeza dakika mbili nyingine.

ELIA: Hiyo ndiyo tabia ninayoiogopa kuliko zote. Maji yaliyopashwa mara ya kwanza yamekwisha kutoa sehemu kubwa ya hewa iliyokuwa imeyeyuka ndani yake, na hewa hiyo ndiyo ingesaidia viputo kuanza. Kwa hiyo mzunguko wa pili ni wa hatari zaidi kuliko wa kwanza, ingawa kwa macho maji ni yaleyale. Katika maikrowevu, kutoona viputo si dalili kwamba maji hayajapata moto. Kipimo cha kutegemea ni muda.

MWANAIDI: Muda gani, basi? Wasikilizaji wetu wanataka namba ya kushika.

ELIA: Tuanze na maji ya hapa kwetu. Maji ya bomba Dar es Salaam mara nyingi yana nyuzi kama 28. Kuyafikisha mililita 250 kwenye nyuzi 100 kunahitaji jouli 75,000 hivi. Maikrowevu inayotoa wati 800 ingezipeleka kwa takriban sekunde 94, na ya wati 700 kwa sekunde 107 hivi. Kwa vitendo huchukua muda zaidi kidogo, kwa kuwa si nguvu yote inayoingia kwenye kikombe kimoja kidogo. Sasa, ukifuata maelekezo yaliyoandikwa kwa ajili ya nchi ya baridi, ambako maji ya bomba yana nyuzi 10, utakuwa umeongeza karibu robo ya muda bila sababu. Na mtu anayebonyeza dakika tatu kwa kikombe kimoja, kwa mazoea tu, anaingiza nishati nyingi ambayo haihitajiki kabisa. Mimi nashauri dakika moja na nusu kwa kikombe kimoja, kisha usimamishe. Chai haihitaji maji yanayotokota ndipo ikolee.

MWANAIDI: Wati hizo tunazisoma wapi? Nyuma ya mashine huwa kuna namba mbili.

ELIA: Soma ile ya nguvu inayotolewa, ambayo ndiyo ndogo. Kubwa ni ile mashine inayovuta kutoka kwenye soketi; hiyo inahusu LUKU yako, haihusu kikombe chako.

MWANAIDI: Na mahali pa kuanzia viputo, tunaweza kupaweka wenyewe?

ELIA: Tunaweza, na ni jambo rahisi. Weka kijiti cha mbao cha mishikaki ndani ya kikombe kabla ya kuwasha, kijiti kisafi ambacho hakijatumika. Mbao ina vitundu vingi vyenye hewa, na viputo vitaanzia hapo kwa utaratibu. Hakikisha kijiti hakigusi kuta za mashine wala hakizuii sahani kuzunguka. Unaweza pia kutia sukari au majani mapema, kabla ya kupasha badala ya baada, mradi kifuko hakina pini ya chuma. Mashine ikizima, subiri dakika moja mlango ukiwa umefungwa. Ukifungua, usiinamishe uso juu ya kikombe. Koroga kwanza kwa mwiko mrefu, mkono ukiwa umenyooshwa, kikombe kikiwa bado ndani.

MWANAIDI: Naomba niongeze jambo la nyumba zetu. Jikoni ni padogo, kwa hiyo maikrowevu inawekwa juu ya friji. Nimeliona Mikocheni, nimeliona Mbagala, na kwenye ofisi za Posta ni hivyo hivyo.

ELIA: Kwa kweli hilo linanikosesha amani. Mtu mfupi anapotoa kikombe juu ya friji, maji yako usawa wa macho yake au juu zaidi, na yakimwagika yanaanzia usoni. Ishusheni mashine ifike usawa wa kifua au kiuno, mahali ambapo mtoto mdogo hafikii na mtu mzima anaona anachokishika. Kama lazima nichague badiliko moja tu nyumbani, nachagua hilo.

MWANAIDI: Tugeukie maziwa na uji.

ELIA: Maziwa yana utando unaojifunga juu na kuuzuia mvuke, kisha yanafurika ghafla. Usijaze chombo kupita nusu, na koroga kila baada ya sekunde 30. Uji, mchuzi wa nazi na maharage ni vizito, havijichanganyi vyenyewe, kwa hiyo sehemu moja inaweza kuwa ya baridi na nyingine inatokota. Funika kwa mfuniko uliolegea, koroga katikati ya muda, na usipashe chochote katika chupa au kopo lililofungwa kabisa.

MWANAIDI: Na maziwa ya mtoto mchanga?

ELIA: Hapana, Dada. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa maziwa ya unga ya watoto wa mwaka 2007, linakataza kuyapasha kwa maikrowevu, kwa sababu joto halisambai sawasawa. Mama anagusa chupa kwa nje, anaona ni vuguvugu, kumbe katikati kuna sehemu ya moto inayoweza kumbabua mtoto kinywani. Chupa iwekwe ndani ya bakuli la maji ya moto kiasi, itikiswe, kisha matone machache yapimwe kwenye kifundo cha mkono, upande wa ndani.

MWANAIDI: Vyombo?

ELIA: Kioo na kauri ni salama, ila visiwe na mstari wa dhahabu au fedha ukingoni, kwani hutoa cheche. Vikombe vya bati na chupa za chai zenye ndani ya chuma visiingie kabisa. Mafuta ya kupikia pia yasipashwe humo, maana yanaweza kupata joto linaloyeyusha plastiki.

MWANAIDI: Na mtu akishaungua?

ELIA: Aondoke kwenye maji ya moto, avue pete, bangili na nguo zisizoganda kwenye ngozi, kisha aweke sehemu hiyo chini ya bomba la maji ya kawaida kwa dakika 20. Bomba likiwa halitoi maji, chota maji safi kwenye ndoo na uyamimine taratibu kwa kikombe, mfululizo. Barafu isitumike. Dawa ya meno, mafuta, yai na unga visipakwe, kwa sababu vinafunga joto ndani, vinaleta wadudu wa maradhi, na daktari analazimika kuviondoa kwa maumivu makubwa. Malengelenge yasipasuliwe. Funika kwa kitambaa safi kisichonata.

MWANAIDI: Ni wakati gani wa kwenda hospitali?

ELIA: Kama ameungua usoni, machoni, mikononi, sehemu za siri au kwenye kiungo, kama eneo lililoungua linazidi kiganja chake mwenyewe, au kama ni mtoto, aende siku hiyo hiyo, iwe Mwananyamala, Amana, Temeke au Muhimbili, hata kama ngozi haijababuka bado.