Padri wa Ndoo

Mhadhara uliotolewa Mkunazini, Unguja, jioni ya Siku ya Marehemu Wote, na mwuguzi mstaafu aliyefanya kazi wodini miaka mingi pamoja na marehemu.

Tumsifu Yesu Kristo. Na nyinyi majirani zetu mliokuja, asalaam alaykum. Nawaona mmejibana kule mlangoni. Sogeeni bwana, huku mbele ndiko kwenye feni.

Nimeambiwa nizungumzie maisha na utumishi wa marehemu Padri. Maisha yake yalisomwa siku ya maziko, karatasi moja, mbele na nyuma, na msomaji aliruka mistari kwa ukali wa jua. Alizaliwa lini, alisoma wapi, alihudumu parokia zipi, mmeshasikia. Jina lake nalo sitalitaja, kwani nani humu alimwita kwa jina? Wodini alikuwa Padri, basi. Mimi nimekuja kuzungumzia ndoo.

Wodi zetu mnazijua. Viti havitoshi. Daktari husimama miguuni mwa kitanda, akafunua faili, akasema maneno mawili na kwenda zake. Sisi wauguzi tunapita mbiombio na dawa. Jamaa wa mgonjwa huketi ukingoni mwa kitanda, jambo tunalolikataza kila siku na hakuna anayetusikia. Padri alipokuja mara ya kwanza kama kasisi wa hospitali, kola nyeupe shingoni na makubadhi miguuni, alitazama huku na huku, akaiona ndoo ya deki. Akaimwaga maji yake, akaipindua, akakaa. Nilikasirika, maana ndiyo kwanza msichana wetu ametoka kuyachota maji yale. Lakini nilipogeuka nikaona uso wa Padri uko sawasawa na uso wa mgonjwa. Hakuna mtu wodini aliyekuwa na uso wake pale chini. Alikaa kiasi cha nusu saa, na katika nusu saa ile sikumwona akifumbua kinywa zaidi ya mara tatu.

Tangu siku ile ikawa ndoo ya Padri. Tulinunua nyingine ya deki, kwa fedha zetu.

Sasa tusemezane ukweli, maana marehemu hakupenda kusifiwa uongo. Mahubiri hakuyaweza. Nani atabisha? Alisoma kwenye karatasi, sauti chini, na ukurasa wa tatu ulipofika nusu ya benchi la wazee limeshalala. Fedha nazo hazikukaa mkononi mwake. Nauli yake alimpa mgonjwa aliyeruhusiwa, halafu akaja kukopa kwetu nauli ya kurudia nyumbani. Elfu tano yangu amekwenda nayo, nami nimesamehe. Na alikuwa haangalii saa. Alikuja wakati wa kuogesha wagonjwa, akaja wakati wa raundi ya madaktari, na ukimfukuza alitoka akakaa ukumbini mpaka umwite.

Nayasema haya kwa sababu kuna kamati, sijui kama nimeruhusiwa kuitaja, inayotaka kumwekea bamba la shaba ukutani mwa Kanisa Kuu letu la Kianglikana hapa Mkunazini. Mimi sipingi. Ila kuta zile zimejaa mabamba tayari, na tujiulize huwa tunawakumbuka watu gani.

Tunamkumbuka Askofu Edward Steere, aliyelijenga kanisa hili. Ni haki yake. Kanisa hili liko palipokuwa na soko la watumwa lililofungwa Juni 1873, na Krismasi ya mwaka huohuo jiwe la msingi likawekwa. Alifariki Agosti 1882, akazikwa nyuma ya altare. Kiswahili alijifunza kwa kukaa na watu wa mji huu akiwasikiliza, na mwaka 1870 akachapisha hadithi walizomsimulia. Tunamkumbuka Frank Weston, askofu wetu tangu 1908, aliyefariki tarehe kama ya leo, 2 Novemba 1924, huko Hegongo. Kabla ya hapo, mwaka 1916, wakati wa vita, aliongoza wapagazi wa Unguja huko bara, akienda nao kwa miguu. Wote wawili waliandika, na watu wakaandika juu yao.

Lakini niwaulize: wangapi humu wanamjua Padri Cecil Majaliwa? Nyoosheni mikono. Wanne. Na mmoja ni mwalimu wa historia, hahesabiwi. Huyu alikuwa mtoto aliyekombolewa utumwani, akalelewa na misheni hapahapa Unguja, na mwaka 1890 akapewa upadri, Mwafrika wa kwanza katika misheni ile. Akawa na watu wa Chitangali, kusini mwa bara, miaka na miaka. Alikaa nao, akazika, akabatiza. Bila shaka kila mmoja huko alikuwa na lake la kusimulia juu yake. Hao waliokuwa na la kusimulia wameshakufa, na masimulizi wamekwenda nayo.

Basi Padri wetu yuko hatarini zaidi. Padri wa parokia ana daftari la ubatizo na daftari la ndoa. Jina lake limo. Kasisi wa hospitali ana nini? Mashahidi wake ni wa namna mbili. Wako waliopona wakarudi kwao Makunduchi au Micheweni, na mtu akipona hapendi kuikumbuka wodi. Na wako waliokufa huku amewashika mkono. Tuliobaki tunaojua ni wauguzi, wapiga deki na walinzi wa getini. Ndiyo maana nimekubali kusimama hapa, mimi niliyezoea kusema na watu waliolala.

Nitawapa moja la usiku. Zamu yangu, mvua ya masika, umeme unakatika na kurudi. Tulikuwa na mzee wa Kipemba, mvuvi, kaletwa na wenziwe wa dau, nao wakarudi baharini. Hana ndugu hapa. Saa tisa za usiku naona pumzi zimebadilika. Padri alikuwa kitanda cha pili, kwa muumini wetu. Akaja na ndoo yake, akakaa, akamshika mzee mkono. Mzee midomo inamtetema, anataka kitu. Nikadhani maji. Padri akaniangalia, akaniuliza, "Bi mkubwa, nani Muislamu yuko karibu?" Mimi Mkristo, mwenzangu wa zamu Mkristo kutoka bara. Akainuka, akatoka kwenye mvua ileile, akarudi amemshika mkono mlinzi wa getini, amelowa chapachapa, koti zito, kofia mkononi. Mlinzi akakaa juu ya ile ndoo, akainama sikioni mwa mzee, akawa anamtamkisha shahada pole pole, mara baada ya mara. Padri akasimama nyuma, kichwa chini, mikono nyuma kama mtoto wa shule. Mzee alikata roho kabla ya adhana ya alfajiri.

Asubuhi nilimuuliza kwa nini hakumwombea yeye mwenyewe. Akaniambia, "Angeniombea nani mimi nikiwa Pemba?" Akaenda kutafuta chai.

Yule mlinzi yupo humu. Yuko mlangoni. Hataki nimtaje, basi.

Kuna jingine ambalo watu wameanza kulisimulia vibaya, nami nilikuwepo, nataka nilinyooshe. Mnakumbuka miezi ile. Novemba 2012 Shehe Fadhil Soraga alimwagiwa tindikali. Krismasi Padri Ambrose Mkenda akapigwa risasi, Mungu akamnusuru. Halafu Jumapili ya tarehe 17 Februari 2013 Padri Evaristus Mushi akauawa kwa risasi Mtoni, akienda kusalisha misa. Mji ulikuwa kimya, kimya kile ambacho hata barazani watu wanakunywa kahawa bila kugombana. Siku hizi nasikia vijana wanasema Padri wetu aliingia hospitali na kola yake, kifua mbele, bila woga. Sivyo. Aliivua. Mkewe alimsihi, naye akaivua. Alikuja na shati la drafti na mikono inatetemeka, kikombe cha chai kikamshinda. Lakini alikuja. Jumatatu alikuja, Jumanne alikuja. Jioni moja bi kizee wa Kizimkazi, mjukuu wake amelazwa kwetu, akamtazama, akajifunga khanga yake vizuri, akasema, "Twende mwanangu, nikusindikize." Akamshika mkono mpaka kituo cha daladala, akangoja mpaka gari iondoke. Akafanya hivyo wiki nzima, na mjukuu alipopewa ruhusa akabaki siku mbili zaidi kwa ajili hiyo tu.

Mkimsimulia kuwa hakuogopa, bi kizee yule mnamtoa kwenye hadithi. Tafadhali msimtoe.

Juu ya kazi yake Kilimani nitasema kidogo, maana sikuwa naye kule. Mnajua huku kwetu hakuna gereza, kuna Chuo cha Mafunzo, na aliyefungwa ni mwanafunzi. Wageni wanacheka. Padri hakucheka, alilichukua neno lile kwa uzito wake, alipokwenda alisema, "Leo nina kipindi." Aliyetoka kule alimleta hapa Kanisa Kuu, Mkristo au Muislamu, akamwonyesha nguzo za pale kwenye birika la ubatizo, zile zilizosimama kichwa chini. Husimuliwa kuwa mafundi waliziweka hivyo Steere akiwa hayupo, na aliporudi akaziacha. Padri hakuongeza neno. Alimwacha mtu azitazame, kisha akamtoa akanywe juisi ya miwa.

Siku ya maziko mliona wenyewe. Ndani ya kanisa tulikuwa tumejaa, lakini nje, chini ya miti, walikuwa wengi kuliko ndani: watu wa kofia na watu wa mabuibui, wamekaa kimya mpaka jeneza litoke. Lilipotoka wakalipokea mabegani. Ubani ulioletwa ulihesabiwa usiku na mzee wetu wa kanisa, akaniambia zilikuwa noti ndogondogo, za mia tano na za elfu, nyingine zimekunjwa mara nne kama za mtu aliyezitoa kwenye pindo la khanga.

Kwa hiyo ombi langu kwa kamati ni hili. Bamba lisubiri. Kabla ya shaba, nunueni daftari. Mtumeni kijana mwenye mwandiko mzuri aende kwa wapiga deki, kwa walinzi, kwa wanafunzi waliotoka Chuo cha Mafunzo, aende na Pemba, akae nao aandike. Asiwaulize "mnamkumbukaje", mtu akiulizwa hivyo hujibu kama yuko redioni. Aulize tu, "Alikaa wapi?" Yatakuja yenyewe.

Jumatatu iliyopita nilikwenda wodini kumtazama jirani yangu aliyevunjika nyonga. Ndoo ipo. Wameirudisha kwenye deki, imejaa maji, tambara limening'inia ukingoni. Nilimpa jirani pole, nikamwachia machungwa, tukazungumza dakika tano. Muda wote huo nilikuwa nimesimama, miguuni mwa kitanda.