Bamvua

TATU: Jumatatu nimefika nyumbani saa mbili usiku, khanga imelowa mpaka kiunoni, na mdogo wangu hata fomu hajapewa.

MAGESA: Ile safari ya mkopo wa halmashauri?

TATU: Ndiyo hiyo. Ile asilimia 4 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kwa vijana, isiyo na riba. Kikundi chao cha mwani kina watu watano kama kanuni inavyotaka. Wakaitwa kuhakikiwa saa tatu asubuhi, wote watano. Na Jumatatu ilikuwa bamvua.

MAGESA: Dada Tatu, ukishataja bamvua sisi wa Ukerewe, kule Ziwa Victoria, umetuacha gatini.

TATU: Haya, sikiliza. Mwezi ukiandama, au ukiwa mpevu, maji ya pwani yanajaa sana na kupwa sana. Alfajiri yamejaa. Saa nne, saa tano asubuhi, yamekauka, mashua imelala mchangani. Wanne walitoka alfajiri. Wa tano mtoto wake alikuwa na homa, akashuka pwani saa moja na nusu. Tukasukuma dau mimi, yeye na nahodha, maji yanatukimbia. Tumefika ofisini karibu saa sita. Tukaambiwa kikundi hakijatimia.

MAGESA: Pole sana.

TATU: Na bamvua ndiyo siku ya kazi! Maji yakipwa ndipo unasimama shambani, unafunga mbegu kwenye kamba. Wamepoteza mkopo na siku ya mwani.

MAGESA: Ngoja, basi na sisi tunayo bamvua yetu. Ziwani maji hayaendi popote, ila mwezi tunautazama kwa ajili ya dagaa. Mbalamwezi ikiwaka dagaa hawafuati taa, mitumbwi inalala. Giza likirudi, vijana wanakesha majini. Mwite mmoja saa tatu asubuhi siku za giza, atakuja anasinzia, mikono inanuka dagaa.

TATU: Kwa hiyo ofisini itundikwe kalenda ya mwezi.

MAGESA: Ukutani kabisa! Lakini sipingi wote watano kuhakikiwa. Aprili 2023 mikopo hii ilisimamishwa nchi nzima baada ya ripoti ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali. Pesa zilikwenda kwa vikundi hewa. Imerudi 2024, na mimi sitaki isimame tena.

TATU: Basi afisa avuke yeye. Vijana watano, kwenda na kurudi, ni nauli kumi. Afisa ni nauli mbili.

MAGESA: Akivuka peke yake, nani anamwona? Ofisini kuna macho mengi.

TATU: Kaka, vikundi hewa viliandikwa mezani, humo humo kwenye macho mengi. Kisiwani kwetu mgeni akishuka, mpaka watoto wanajua kaja kwa nani.

MAGESA: Wanajuana, ndiyo. Na ndugu hamsemi ndugu.

TATU: Unatuita wezi?

MAGESA: La hasha. Kwetu Ukerewe ni hivyo hivyo, ndiyo maana nasema.

TATU: Mimi sikubali.

MAGESA: Na mimi sisogei.

TATU: …Mwenzetu wa mitambo anaonyesha dakika mbili.

MAGESA: Na katiba ya kikundi? Akaunti ya benki? Andiko la mradi? Tuliwaahidi wasikilizaji vyote vitatu.

TATU: Havitatosha. Nijibu hili tu: marejesho ya mwezi, kwa mvuvi wako wa dagaa, yaanguke lini?

MAGESA: Mwisho wa giza, pesa ikiwa bado mkononi. Kwenu?

TATU: Mwani unakaa majini kama wiki sita. Mwezi wa kwanza hana cha kurejesha.

MAGESA: Hilo waliambiwa ofisini?

TATU: Nitawaambia wiki ijayo. Tumeitwa tena Jumatatu, na safari hii ni maji mafu, mashua inaelea.

MAGESA: Maji mafu ndiyo nini tena?

TATU: Muda umekwisha, kaka.